Basi la Arusha hadi Dar: Jinsi ya Kulipa Nauli Bila Kupoteza Pesa

Likizo zikikaribia, swali hili hutufikia sana: "Niko stendi Arusha, pesa ninazo kwa simu, lakini nauli haitaki kulipika. Nifanyeje?" Ukweli ni kwamba ukishafika stendi umechelewa kidogo. Mambo mengi hupangwa ukiwa bado Nairobi. Hapa tumetumia safari ya Namanga, Arusha, Moshi hadi Dar es Salaam kama mfano, lakini ukielekea Dodoma au Mwanza mengi ni yale yale.

Tuanze na kitu kinachowachanganya wengi. Jina la huduma ya pesa linaweza kufanana Kenya na Tanzania, lakini mifumo ni tofauti. Ya kwetu iko chini ya Benki Kuu ya Kenya, ya kwao iko chini ya Benki Kuu ya Tanzania, na pesa zake ni shilingi nyingine kabisa. Kule utakuta maduka na kampuni za mabasi zikiwa na "Lipa Namba". Ukiiangalia utadhani ni Till. Usiiingize kwenye menyu ya Till ya Kenya! Ukibahatika itakataa. Usipobahatika, nambari hiyo hiyo itakuwa ya biashara fulani huku Kenya, na nauli yako itaenda kwa mtu asiye na basi. Ndiyo maana huwa tunarudia: soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Ukiona jina usilolitarajia, ghairi.

Sasa utalipaje? Unaweza kusajili laini ya Tanzania kwa pasipoti na alama za vidole, halafu ujitumie pesa kutoka Kenya kupitia menyu ya kutuma nje ya nchi. Kwa safari ya siku 2 au 3, kwa maoni yetu, hiyo ni kujichosha bure. Beba pesa taslimu za nauli, chakula na usiku mmoja wa dharura, zilizobaki ziache kwa simu. Ukikaa wiki 2 au zaidi, laini ya pili inalipa. Na kabla hujavuka, hakikisha laini yako ya Kenya imeruhusiwa kutumika nje ya nchi. Kuna wale hugundua wakiwa Moshi kwamba hata ujumbe wa kuthibitisha malipo hauingii.

Kuhusu kubadilisha pesa, tunakuomba usome polepole. Kwa miaka ya karibuni shilingi 1 ya Kenya imekuwa ikicheza karibu na shilingi 20 za Tanzania. Angalia kiwango cha siku hiyo asubuhi kabla ya kutoka. Tuseme ni 20 na una 10,000 za Kenya: unafaa kupata karibu 200,000. Mtu wa barabarani pale Namanga akikupa kiwango cha 18, utapata 180,000. Hizo 20,000 zilizopotea zinakutosha kula njiani hadi Dar. Tena noti kubwa Tanzania ni ya 10,000, kwa hiyo 200,000 ni noti 20 ambazo zinahesabiwa haraka haraka mbele yako na mtu mwenye haraka kuliko wewe. Hesabu mwenyewe, zikiwa mkononi mwako, na ukishahesabu usimrudishie "ahakikishe". Hapo ndipo noti hupungua. Duka rasmi la kubadilisha pesa au benki ni bora, hata kama foleni ni ndefu.

Usitegemee kulipa kwa pesa za Kenya ukishaingia ndani. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kulipwa kwa fedha za kigeni.

Pale Namanga utashuka kwenye basi na kupita uhamiaji wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na pesa zako zisibaki ndani ya begi lililo kwenye buti.

Sasa tiketi. Stendi za Tanzania zina wapiga debe kama zetu tu, na wanajua lafudhi ya Mkenya kwa sentensi moja. Atakuita "kaka" au "dada", akubebee begi, akuambie basi limebaki siti moja na utume nauli kwa nambari yake. Usitume. Nenda hadi ofisi ya basi au utumie programu ya kampuni yenyewe. Nauli za madaraja ya kawaida na ya kati huwekewa kikomo na mamlaka inayoitwa LATRA, kulingana na kilomita, kwa hiyo uliza daraja la basi kabla ya kuuliza bei. Dai tiketi ya kielektroniki yenye jina lako, tarehe, nambari ya siti na nambari ya basi. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu haitakusaidia ukilalamika.

Soma saa pia. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na hapo ndipo tarehe huchanganya. Tiketi ya saa 7 usiku, Ijumaa, ni usiku wa kuamkia Ijumaa au kuamkia Jumamosi? Muulize karani hivyo hivyo, kwa maneno hayo, kabla ya kulipa. Ukikosea siku, siti imeenda na nauli nayo.

Njiani ni zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo ni safari ya kutwa. Weka noti ndogo ndogo mfuko wa mbele kwa ajili ya maji, mahindi na choo. Ukisikia konda anatangaza "kuchimba dawa", anamaanisha mnashuka kujisaidia. Simu na pochi shuka nazo.

Basi huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na si Ubungo kama mjomba wako atakavyokuambia. Kituo kilihama mwaka 2021. Kutoka hapo hadi katikati ya jiji ni zaidi ya kilomita 20, kwa hiyo bakisha pesa taslimu za daladala au bajaji. Ukirudi Namanga na shilingi za Tanzania, zibadilishe dukani kabla ya kuvuka, na sarafu zinunulie maji, kwa sababu huku hakuna anayezipokea.