Theluji haina shule, Baba

*"Mama Mshauri, mimi ni mnunuzi wa kakao hapa Oicha, nina mke na watoto wanne, mkubwa yuko darasa la sita. Likizo kubwa ikifika nataka kuwapeleka wakaone theluji na kujifunza skii. Nimelinganisha sehemu tatu: Afriski kule Lesotho, Ski Dubai, na Ruwenzori yetu, ama kwa Mutsora upande wetu ama kwa Kilembe upande wa Uganda. Nimeandika kwenye daftari nauli ya kwenda, viza, baridi na bei ya vyumba..."* (Hapa nimekata kurasa nzima za hesabu.) *"Mke wangu anajua tunakwenda wiki mbili. Mama yangu atabaki kulinda nyumba na depo. Nisaidie kuchagua. Tena, karibu na Afriski kuna shule ya Kifaransa? Na Dubai wanapokea buletini za shule za kwetu?"*
*Baba wa Wanne, Oicha*

Baba wa Wanne, nianze na ulichouliza, maana hakina maneno mengi. Afriski iko kwenye milima ya Maluti, juu ya mita 3,000. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, na theluji yake nyingi hutengenezwa kwa mashine. Ski Dubai imo ndani ya Mall of the Emirates tangu 2005, iko wazi mwaka mzima, mteremko wake mrefu kuliko yote una mita 400, na wafanyabiashara wa Butembo wanaofuata mali Dubai watakuelekeza hadi mlangoni. Ruwenzori ifute kwenye daftari. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, hakuna mashine ya kumvuta mtu juu, kuna siku kadhaa za kupanda na tope lisilokwisha, na barafu yenyewe imeyeyuka sana tangu Waitaliano wafike kileleni mwaka 1906. Watoto wa shule ya msingi hawapelekwi huko. Kwa skii ya watoto, basi, ni Dubai. Hilo limekwisha.

Tuje kwenye shule.

Mtu anayekwenda kucheza theluji wiki mbili, tena katikati ya likizo, haulizi shule. Anauliza glavu. Wewe umeuliza shule mara mbili, ukaandika nauli ya kwenda bila ya kurudi, na mama mzazi ukampangia ulinzi. Husafiri, ndugu yangu. Unahama. Na katika nyumba hiyo anayejua ni wewe peke yako.

Sikulaumu kwa kutaka kuondoka. Nani wa Beni, huku mashariki mwa Kongo, atakulaumu? Tangu mauaji yaanze Oktoba 2014 tumezika watu waliokutwa shambani, barabarani, hata vitandani. Mwaka 2021 tukawekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kabla mwaka haujaisha jeshi la Uganda likaingia kusaidiana na letu, na bado kuna wenye mashamba wanaoiona kakao imeiva wasithubutu kwenda kuivuna. Kuogopa hali kama hiyo ni akili timamu. Wachungaji, walimu na wakulima wamefunga magodoro juu ya pikipiki wakaenda Beni na Butembo, wengine wakarudi, wengine wakaondoka tena, na sijasikia mtu akiwaita waoga. Kinachonikera kwako ni theluji. Hofu yako ya haki kabisa, kwa nini uivishe koti la utalii?

Nadhani nalijua jibu. Mwaka 2024, bei ya kakao ilipovuka dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia, nyinyi wenye depo mlipata jina mjini. Mwenye jina hakimbii; anakwenda likizo. Ukiondoka na miwani ya jua, watasema tajiri yule. Ukiondoka na magodoro, watasema naye kakimbia. Unalinda jina, na bei ya ulinzi huo atailipa mke wako.

Hebu mfikirie. Bila shaka yumo kwenye likelemba, kile chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, na wenzake. Labda ameshapokea fungu lake na bado wenzake wanamdai michango. Labda zamu yake ni mwezi ujao. Ana kitenge kwa fundi, ana deni la mchele, ana dada aliyelazwa. Anayekwenda wiki mbili huacha yote hayo wazi. Mwezi wa pili ukiingia bila yeye kurudi, wanawake wa likelemba watamwita mwizi, na atakuwa ughaibuni hana hata namna ya kujieleza, kwa sababu hakujua kwamba anaondoka. Wewe umelinda jina lako kwa kuliuza la kwake. Mimi kwa hilo sina upole. Mwanamke aliyekaa na wewe Oicha miaka hii yote, akalala na masikio wazi kila usiku, hastahili kupewa habari za maisha yake mwenyewe kwenye uwanja wa ndege.

Na watoto? Mtoto anayejua anahama hupanga vitu vingine kwenye begi. Hubeba picha ya marehemu babu, humrudishia jirani kitabu chake, huagana na rafiki. Anayedhani anakwenda kucheza hubeba kofia. Miaka kumi baadaye atakuuliza kwa nini hakuruhusiwa kuaga, nawe utamjibu nini, kwamba ulitaka afurahi?

Isitoshe, siri yako haina maisha marefu. Buletini hazichukuliwi gizani. Utakwenda kwa mkurugenzi wa shule, atazitia sahihi, atamwambia mwalimu, na mkeo atapewa pole sokoni kabla hujafika nyumbani.

Halafu hesabu yenyewe imepinda. Viza ya matembezi ina siku yake ya mwisho. Kituo cha skii ni hoteli na mteremko, na hapo Lesotho mtakuta Kisesotho na Kiingereza. Kama ni usalama na shule unatafuta, Butembo ina shule za programu yetu na wanunuzi wa kakao wenzako. Ukitaka kuvuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda, Kasese utakuta Bakonzo, wanaosema lugha iliyo karibu sana na yako, ila masomo ni Kiingereza. Hayo mtayapima wawili, mkiwa na daftari moja.

Kwa hiyo leo, watoto wakilala, mwambie mkeo hivi: naogopa, nataka tuondoke, nilikuwa nimekuficha. Usianze na Dubai. Atakasirika, na ana haki, mwache amalize. Tiketi zisinunuliwe kwanza.

Amebaki mama yako, uliyemwandika mstari mmoja na depo. Umeamua badala yake kwamba hawezi safari, au kwamba wanaokutisha wewe yeye hawatamgusa? Nenda ukamuulize. Huenda akakataa kuliacha kaburi la mume wake, na huo utakuwa uamuzi wake. Huenda pia akakuambia kwamba mwaka huu wote alikuwa akingoja mmoja wenu aanze kusema, na nguo zake zimefungwa tayari.