Somo kwa Vikundi: Neti ni ya Mtoto, Lakini Nani Alipe?



Katika vyuo vikuu vya ng'ambo siku hizi yako masomo mawili tunayohitaji kuyajua. La kwanza ni afya ya dunia, yaani kuchunguza magonjwa yanayovuka mipaka na kwa nini maskini ndio huumia zaidi. La pili ni ujasiriamali wa kimataifa, yaani kuanzisha biashara inayofanya kazi katika nchi zaidi ya moja. Wanafunzi wa masomo haya hufika mpaka vijijini kwetu. Huja na daftari, na pengine na kitu mkononi: taa ya sola, jiko, chujio la maji. Husema, "Kikundi chenu kiuze kitu hiki. Watu watapata afya, nanyi mtapata faida."

Ni neno tamu. Lakini pesa za kikundi ni jasho la watu, na mtoto akifa harudi. Basi leo tujifunze swali moja la kuuliza kabla ya kukubali: nani anatumia kitu hiki, na nani anakilipia? Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Mfano mkubwa uko hapa hapa Kilifi.

NETI ZILIZOPIMWA KILIFI

Mwaka 1989 taasisi ya utafiti ya serikali, KEMRI, pamoja na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, walianza kazi yao ya utafiti katika hospitali ya Kilifi. Miaka hiyo wodi ya watoto ilijaa malaria. Kila mama alijua degedege, ile tunayoiita nyagu.

Kuanzia mwaka 1993 watafiti walipima kama neti iliyotiwa dawa ya mbu inaokoa maisha kweli. Walichagua maeneo 56. Maeneo 28 yalipewa neti, na mengine 28 hayakupewa wakati huo, ili wapate kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Katika maeneo yenye neti, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Majaribio kama hayo yalifanywa pia Ghana, Gambia na Burkina Faso, na dunia nzima ikakubali: neti yenye dawa ni kinga ya kweli.

BEI ILIPOINGIA

Neti za wakati ule zilihitaji kutiwa dawa upya kila miezi sita. Wakati wa majaribio, wafanyakazi walipita nyumba kwa nyumba na hakuna aliyelipa. Karibu kila neti ilitiwa dawa. Baadaye utaratibu ulibadilika. Kwanza akina mama waliombwa wapeleke neti zao mahali pamoja, kisha wakaombwa walipe kidogo. Idadi ya neti zilizotiwa dawa ikaporomoka.

Je, akina mama hawakuwapenda watoto wao? Hebu tufikiri. Shilingi ya mama wa kijijini ina kazi kumi zinazoingoja: unga, mafuta ya taa, daftari la shule. Njaa inaonekana leo, lakini malaria ambayo haikuja haionekani. Hakuna anayeamka asubuhi akasema, "Jana usiku neti iliniokolea mtoto." Ndiyo maana kinga ni ngumu kuuza, hata ikiwa bei ni ndogo.

Tuangalie jambo la pili. Watafiti walifuata watoto katika wilaya nne za Kenya, mojawapo ikiwa Kwale, jirani zetu. Mwaka 2004, neti zilipokuwa zinauzwa zaidi madukani, watoto 7 tu katika kila 100 walilala ndani ya neti yenye dawa. Neti za bei nafuu zilipoanza kutolewa kliniki kwa shilingi 50, walifika karibu 24 mwaka 2005. Mwaka 2006 serikali na wafadhili waligawa neti milioni 3.4 bure nchini, na idadi ikafika 67. Waliofaidi zaidi na ugawaji huo ni watoto wa nyumba maskini kabisa, wale ambao duka halikuwafikia.

Wengine husema, eti cha bure hakithaminiwi. Wachumi wawili wa chuo kikuu, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walipima neno hilo katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Bei ilipotoka bure hadi shilingi 40, waliochukua neti walipungua kwa pointi 60 katika mia. Na waliopewa bure waliitumia neti sawa na walionunua. Ni kweli wako wanaovulia neti samaki au kuzungushia miche. Hilo linataka mafundisho. Bei haliponyi.

SASA BIASHARA IKO WAPI?

Hatusemi biashara ni mbaya. Tazameni Arusha. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza neti ambazo dawa imo ndani ya uzi wenyewe, hazihitaji kuchovywa tena. Ujuzi ulitoka kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani, mkopo ukatoka Marekani, na kazi ikapata maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Lakini mnunuzi mkubwa hakuwa mama wa kijijini. Walionunua ni mashirika kama UNICEF, nayo yakazigawa.

Chanjo ya malaria ya R21 imekwenda njia hiyo hiyo. Ilibuniwa Chuo Kikuu cha Oxford, hutengenezwa na kampuni ya India, na Kilifi ni mojawapo ya mahali ilipojaribiwa. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2023. Kampuni inalipwa, lakini mzazi haulizwi bei mlangoni.

Hili ndilo fundisho letu: anayetumia na anayelipa si lazima awe mtu mmoja. Kitu cha kinga kitafutiwe mlipaji mwingine, yaani serikali, kaunti, mfadhili au mwajiri. Kikundi kinaweza kulipwa kwa kazi yake: kugawa, kufundisha, kuhesabu nyumba. Kitu ambacho mnunuzi anaona faida yake siku hiyo hiyo, kama taa au jiko la kuni chache, hicho chaweza kuuzwa.

TUPIGE HESABU

Tuseme kikundi kina watu 20, kila mmoja ametoa shilingi 500. Hiyo ni shilingi 10,000. Mgeni anawauzia machujio 20 kwa shilingi 500 kila moja, muuze kwa 700. Yote yakiuzwa, faida ni shilingi 4,000. Lakini mkiuza 8 tu, mtapata 5,600. Shilingi 4,400 za wanachama zimelala ndani ya kabati, na mgeni ameshapanda ndege. Kwa hivyo kubalianeni mapema: yasiyouzwa yarudishwe, au mchukue machache kwanza.

MASWALI YA KUMWULIZA MGENI

1. Umetumwa na chuo gani, na mwalimu wako ni nani?
2. Ukiondoka, nani atabaki kuleta vipuri na kujibu maswali?
3. Hasara ikitokea, ni ya nani?
4. Wasioweza kulipa watapataje?
5. Majibu mtakayoandika juu yetu, mtaturudishia lini?

Msione haya kuuliza. Katika utafiti wa KEMRI hapa Kilifi, wako wawakilishi waliochaguliwa na wananchi wenyewe, ambao hupeleka maswali ya watu kwa watafiti na kurudisha majibu. Mgeni mwema hufurahi kuulizwa. Na watoto wetu nao waendelee kusoma: Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi tangu kilipopata hati yake mwaka 2013. Tunataka siku moja anayekuja na daftari awe ni mtoto wa Ganze au Magarini.

KAZI YA KIKUNDI

Kaeni watu watano watano, mjadili:

- Ni vitu gani vya afya tunavyonunua sasa, na ni vipi vinatushinda? Kwa nini?
- Katika kijiji chetu ni nyumba gani ambazo hazina neti nzima? Nani ataenda kuzitembelea wiki hii?
- Je, kikundi chetu kinaweza kufanya kazi gani ya afya na kulipwa na mtu mwingine asiye mgonjwa?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu. Yapelekeni kwa mhudumu wa afya wa kijiji na zahanati iliyo karibu, kisha mfuatilie mpaka mjibiwe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kisiwe na tundu.