Kabla ya Kutoa Fedha: Namna ya Kuchunguza Mali, Rehani na Kesi za Muuzaji

Ndugu wakazi wa Buyenzi, Kinama na Gatumba, nanyi majirani wa Uvira,

Migogoro ya ardhi ni miongoni mwa mashauri yanayojaza mahakama za Burundi. Mara nyingi chanzo ni kimoja: mnunuzi amehesabu fedha mbele ya mashahidi wawili, na hakuna aliyefungua daftari la serikali. Somo hili laeleza namna ya kulifungua.

Tuchukue mfano. Mama muuza samaki wa Uvira ameweka akiba kwa miaka kumi, naye ataka kiwanja Gatumba. Muuzaji amwonyesha karatasi yenye muhuri. Afanye nini?

1. Aichunguze hati. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 1/13 ya tarehe 9 Agosti 2011, haki ya ardhi huthibitishwa kwa hati miliki itolewayo na mhifadhi wa hati za ardhi, au kwa cheti cha ardhi kitolewacho na komini. Aende mwenyewe kwenye ofisi iliyoandikwa juu ya karatasi, alinganishe jina, namba, ukubwa na mipaka ya kiwanja. Muhuri waweza kuchongwa; daftari haliko mkononi mwa muuzaji.

2. Aulize habari za rehani. Mwenye hati miliki aweza kuwa amekopa benki kwa dhamana ya nyumba ile ile. Rehani iliyoandikishwa hubaki juu ya nyumba hata mmiliki akibadilika. Basi aombe maelezo ya maandishi kuhusu hali ya hati. Muuzaji akidai kwamba deni limelipwa, alete uthibitisho kuwa rehani imefutwa.

3. Aulize habari za kesi. Mashauri ya ardhi isiyoandikishwa hupelekwa katika mahakama ya mwanzo, yaani sentare y'intango. Ya ardhi iliyoandikishwa huenda mahakama kuu. Aende kwa karani wa mahakama na majina ya muuzaji na mahali kiwanja kilipo. Hukumu hutolewa hadharani, kwa hiyo kuuliza si uchokozi.

Hapa pana historia nzito. Wengi walikimbia nchi mwaka 1972 na tena mwaka 1993, na waliporejea wakakuta wengine katika mashamba yao. Kwa ajili hiyo iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine mwaka 2006, na mahakama maalumu mwaka 2014. Mnunuzi na aulize: nani alikaa hapa kabla ya muuzaji, na je, shauri lilipata kuamuliwa?

4. Awasikilize majirani na jamaa. Mirathi ya ardhi nchini bado huongozwa kwa kiasi kikubwa na desturi, hivyo daftari laweza kumtaja marehemu huku warithi wakiwa sita. Mume au mke wa muuzaji, ndugu na dada zake, wote waulizwe kabla ya kutia saini.

5. Kwa gari na kampuni, njia ni hiyo hiyo. Umiliki wa gari huulizwa katika Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR. Kampuni, katika rejista ya biashara.

Kwa anayenunua upande wa Kongo, Sheria Na. 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 yasema ardhi ni mali ya dola. Haki ya mtu huthibitishwa kwa cheti cha uandikishaji. Karatasi ya chifu peke yake haitoshi.

Polisi haiamui nani mwenye kiwanja. Hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini kughushi hati, na kuuza kwa makusudi mali isiyo yako, ni makosa ya jinai: leteni taarifa mapema, pamoja na nakala na risiti. Vilevile, akaunti za benki za mtu ni siri yake. Yeyote anayejitolea kukuuzia habari hizo anakuingiza katika kosa.

Haraka haraka haina baraka. Muuzaji mwaminifu atakupa siku za kuchunguza. Akukatazaye kufika ofisini amekwisha kukujibu.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa mtaa:
- Hati na cheti cha ardhi hutolewa na nani?
- Rehani yaenda wapi nyumba inapouzwa?
- Katika mtaa wetu, nani wa kuulizwa kwanza?