Kuandika Maneno na Tarakimu Katika Seli za Kompyuta

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi madaftari mengi yamo ndani ya kompyuta, na humo pia mali yaweza kupotea kama mwandishi hajui kanuni. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wanafunzi wenzangu, na wazazi wetu pia, jambo la mwanzo katika programu ya Excel.

Ukiifungua utaona jedwali lenye vyumba vingi vidogo. Kila kimoja huitwa seli. Safu zinazoshuka chini zina herufi A, B, C. Mistari ya kwenda kulia ina tarakimu 1, 2, 3. Basi B3 ni seli iliyo katika safu ya B, mstari wa 3. Bonyeza seli uitakayo, andika, kisha bonyeza kitufe cha Enter.

Tuchukue mfano wa kwetu Kyela, kupima kakao. Katika A1 andika "Mkulima", na katika B1 andika "Kilo". Majina ya wakulima watatu yakae A2 hadi A4. Katika B2 andika 42, katika B3 andika 35, na katika B4 andika 28. Tazama: maneno yameegemea kushoto, tarakimu zimeegemea kulia. Ndivyo kompyuta inavyozipambanua. Sasa katika B5 andika =SUM(B2:B4). Utapata 105.

Halafu futa 35, uandike "35 kg". Jumla itakuwa 70! Kompyuta imeona herufi, ikaidhani seli nzima kuwa neno, ikairuka bila kutoa onyo lo lote. Mkulima aliyehangaika na mzigo wake tangu shambani amepungukiwa kilo 35 kwa sababu ya herufi mbili tu.

Basi shikeni kanuni hii: kipimo kiandikwe juu, katika kichwa cha safu; ndani ya seli iwekwe tarakimu peke yake.

Nambari ya simu ni kinyume chake, kwa maana haijumlishwi. Ukiandika 07 na kuendelea, sifuri ya mbele hufutika. Tangulizeni alama ya ' nayo itatunzwa kama neno.

Zoezi: andikeni magunia ya mpunga ya jirani watano, mjumlishe. Lakini kabla ya kuiamini jumla, pitisheni jicho safu nzima. Mkiona tarakimu imeegemea kushoto, ichunguzeni kwanza.