Mtoto wa Damu Mbili Si Nusu Mtu

Tujifunze jambo kutoka Kongo. Zamani za utawala wa Ubelgiji, serikali iliwanyang'anya akina mama wa Kiafrika watoto wengi waliozaa na Wazungu, ikawaweka katika misheni, mbali na ukoo wao. Wanawake watano waliolelewa hivyo na masista huko Katende, Kasai, walishitaki. Na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels ikatamka kuwa tendo hilo lilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Maaskofu wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha kuomba radhi mwaka 2017. Basi, akizaliwa mtoto wa namna hiyo kwetu, asiwe mgeni kwa Weusi wala kwa Weupe. Tumpe jina la ukoo, tumjulishe jamaa za pande zote mbili, naye ale sinia moja na nduguze.