Kidonda kimefunga, kirusi huenda bado kiko njiani

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka tisa aling'atwa mguuni akichunga mbuzi huku Terrat, na mbwa asiyejulikana ni wa nani. Wiki tatu sasa, kidonda kimepona na anacheza. Bado kuna haja ya sindano? – Mama, Terrat

JIBU: Marahaba, mama. Haja ipo. Mpeleke hospitali leo, halafu urudi usome sababu, inayoanzia kwenye neva za mguu.

Seli moja ya neva huweza kuanzia kiunoni ikafika unyayoni, karibu mita nzima kwa mtu mzima. Lakini protini zake nyingi hutengenezwa huko juu, jirani na uti wa mgongo. Hufungashwa ndani ya vifuko vya utando, kisha protini iitwayo kinesini huvikokota hadi mguuni ikikanyaga juu ya nyuzi, hatua kwa hatua kama hamali. Mzigo wa haraka huweza kwenda milimita 400 kwa siku. Protini nyingine, dainini, hurudisha mizigo juu.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hupanda gari hilo la kurudi. Kikigusa ncha ya neva, utando wa seli wenyewe hukimeza, nayo dainini hukibeba bila kukagua. (Sumu ya pepopunda nayo hupita humohumo.) Kikiwa ndani ya neva, askari wa mwili hawakioni, ndiyo maana mtoto anacheza. Dalili kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kutokea, ingawa huweza kuja baada ya wiki moja au hata mwaka. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Bahati ni kwamba mara nyingi kirusi hukawia kwanza kwenye msuli, na hapo chanjo hukiwahi. Joseph Meister, aliyepewa chanjo ya Louis Pasteur mwaka 1885 baada ya kung'atwa, alikuwa na miaka tisa kama mwanao. Alipona.

Mbwa huyo akionekana mzima hadi leo, mweleze daktari: mwenye kirusi mateni siku ile kwa kawaida angeugua na kufa ndani ya siku 10. Ila msianze kumsaka kabla ya kwenda hospitali.

Na mwingine aking'atwa hapo nyumbani, acheni pilipili na mafuta ya taa. Osheni jeraha dakika 15 kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kirusi hiki nacho kimevaa utando wa mafuta, na sabuni huuyeyusha kama inavyoyeyusha mafuta ya sufuria.