Samaki Chura Tangini: Barua Zinazonikera

Sitaeleza tena namna ya kufunga pampu, wala kwa nini tangi jipya lazima lizungushe maji wiki kadhaa kabla ya kupokea samaki. Asiyeyajua hayo asinunue samaki chura.

Wangu ana sentimita 10. Nikimwekea samaki kipepeo wa sentimita 9, si atakuwa salama? Mdomo wenyewe mdogo.

Swali hili limeua samaki wengi kuliko ugonjwa wowote ninaoandikiwa. Mdomo unaouona umefungwa. Ukifunguka, kinywa hutanuka hadi mara 12 ya ukubwa wake na kuyavuta maji ndani kwa nguvu, mawindo yakiwamo. Theodore Pietsch na David Grobecker walimchunguza kwa kamera za kasi katika miaka ya 1970, wakakuta tendo zima linakwisha kwa takriban milisekunde 6. Jicho lako halitaona kitu. Utageuka, utahesabu samaki, utakuta pungufu.

Tumbo nalo hutanuka. Ndiyo maana anaweza kummeza samaki aliye sawa naye kwa urefu, hata anayempita, akiwa amemkunja. Kwa hiyo ile kanuni ya madukani, kwamba asiyeingia mdomoni haliwi, kwake ni uzushi mtupu. Na hasara haiishii kwa kipepeo: windo kubwa likioza tumboni kabla halijasagika, mlaji naye hufa, kisha maji ya tangi zima huharibika. Wanaonijibu kwamba basi watamwekea samaki chura mwenzake, nao wajue kwamba mmoja atammeza mwingine. Akae peke yake.

Anakaa tu, haogelei, hata kupumua simwoni. Muuzaji kanipa dawa ya kutia majini. (Nimeunganisha barua kadhaa, maana zote zina muuzaji na zote zina dawa.)

Rudisha dawa, udai pesa zako. Samaki wa kuvizia kazi yake ni kukaa. Hata akisogea, mara nyingi hutembea chini kwa mapezi. Kupumua anapumua: tundu la kutolea maji ni dogo na limejificha nyuma ya pezi la ubavuni, ndiyo maana hulioni. Badala ya kumtibu asiyeumwa, pima maji. Amonia na nitraiti ziwe sifuri, joto nyuzi 24 hadi 27, chumvi karibu gramu 35 kwa lita. Ukikuta amonia, badilisha sehemu ya maji leo hii, usingoje Jumamosi.

Chumvi ya jikoni haifai?

Haifai.

Kila nikipita anapunga kile kijiti cha kichwani. Si ananiomba chakula?

Kijiti hicho ni mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni, na kinyama kilicho nchani ni chambo. Hakuombi, anavua. Ukimpa kila anapopunga atakula kila mara, maana baharini hajui mlo ujao utapita lini. Mara mbili au tatu kwa wiki zinamtosha mkubwa, na kila kipande kiwe kidogo kuliko kichwa chake. Chambo kikinyofolewa, usiite daktari. Kwa kawaida huota tena.

Namlisha vitoto vya sato kwa sababu ni rahisi kupata.

Rahisi kwako. Mafuta ya samaki wa maji baridi si yale ambayo mwili wake umezoea, na akilishwa hao tu miezi mingi ataharibika ini. Mpe kamba na vipande vya samaki wa baharini, ukibadilisha. Mgeni akikataa kisicho hai, mwanzishe kwa kamba wadogo walio hai, kisha mzoeze kipande kinachochezeshwa taratibu kwenye ncha ya kijiti.

Nilimnunua wa manjano, sasa anageuka kahawia.

Haumwi. Hubadilika rangi kwa siku au wiki kadhaa kufuata mahali alipo. Aliyekutoza zaidi kwa ajili ya umanjano alijua.

Nimhamishe kwa wavu?

Usimtoe majini. Akitishwa hujivimbisha, na akijivimbisha kwa hewa huenda akashindwa kuitoa. Mswage aingie kwenye chombo kilichozama, umbebe na maji yake.

Nimemchoka. Nikamwachie baharini Kigamboni?

Hapana. Hujui alivuliwa bahari gani wala amebeba ugonjwa gani kutoka dukani. Mtafutie mwenye tangi, umweleze ukweli kuhusu mdomo kabla hajamchukua.